Stempu ya Okapi Namba 47b Haikuwa Kosa

Gédéon Amundala Yenga
Mkuu wa Dirisha la Pili wa Posta (mstaafu)
Commune ya Tshopo, Kisangani

Tarehe 11 mwezi wa tatu, 2024
Barua Na. 001/2024, kurasa nne

Kwa Ndugu Mhariri wa jarida la wakusanya stempu «Meno ya Stempu», Lubumbashi

Kuhusu: stempu ya okapi Na. 47b, mliyoiita «kosa»

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima, na kwa utulivu ambao sina hakika nitaufikisha hadi ukurasa wa nne. Mwili wangu ni mzima. Kinachoumwa ni jina langu, na walioliumiza ni ninyi.

Wiki tatu zilizopita, mjukuu wetu Larissa, anayekaa kwetu ili asome chuo kikuu, alikuwa akitafuta kitu kingine katika simu yake. Hakuniambia ni kitu gani, nami sikuuliza. Ghafla akapiga kelele: «Koko, kuya uone! Banaandika posta yenu ya Simi-Simi humu mu telefone!» Nikatafuta miwani, nikaikuta kichwani, nikasoma. Ilikuwa orodha yenu ya stempu za Zaïre za miaka ile ambayo bei zilikuwa zikipanda kila kukicha. Namba 47: okapi, zaïre saba, bei mpya zaïre elfu mia tano, imepigwa kwa muhuri wa mkono. Nikatabasamu, kwa maana okapi huyo ninamjua. Halafu chini yake, kwa herufi ndogo: «47b. Muhuri kichwa chini. Kosa la karani, Simi-Simi, 1993. Karatasi moja tu. Adimu sana.»

Karani huyo ni mimi.

Sijui umri wako, Ndugu Mhariri. Kama ulizaliwa baada ya mwaka ule, ngoja nikueleze, maana orodha yako inazungumzia stempu kana kwamba zilitoka mbinguni. Mwaka 1993 bei ya barua niliiandika ukutani kwa chaki, kwa sababu rangi ingekuwa hasara. Asubuhi naandika bei moja, saa sita nafuta kwa kiganja, naandika nyingine. Aliyeandika barua fupi alilipa bei ya leo. Aliyekuwa na mengi ya kusema alilipa ya kesho. Wateja walikuja na noti ndani ya kikapu cha mihogo, na kikapu kilikuwa kizito kuliko kifurushi walichotaka kutuma. Stempu tulizokuwa nazo zilikuwa zimechapwa zamani, zaïre saba, zaïre kumi. Mwanzoni watu walibandika okapi mbele ya bahasha, wakabandika nyuma, hadi anwani ikakosa mahali. Nilimwona mama mmoja amebandika stempu juu ya jina la mpokeaji, akaniuliza kwa upole kabisa nani sasa ataipokea. Kufikia mwezi wa tano, barua moja ya Ubundu ilihitaji okapi elfu sabini na moja na kidogo. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe, mbele ya mteja aliyebisha.

Ndipo likaja agizo: stempu za zamani zipigwe bei mpya kwa muhuri. Nilipewa karatasi sitini, kila karatasi ina stempu hamsini. Hayo ni mapigo elfu tatu. Muhuri ulichongwa na Sefu, fundi wa mihuri wa sokoni, kutoka kipande cha tairi, akautia mpini wa mti. Juu kulikuwa na namba, chini yake mstari mnene wa kufuta bei ya zamani. Paa la kituo chetu kidogo lilikuwa likivuja, kwa hiyo niliruhusiwa kuifanya kazi nyumbani, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, tulikokuwa tukikaa wakati huo. Nilizichukua Ijumaa. Jumatatu mkaguzi alikuwa anafika, na ambaye hakuwa amemaliza angemkabidhi ufunguo wa dirisha na kwenda nyumbani kwake kulima. Nilimaliza. Nilipewa barua ya pongezi, na hadi leo iko ukutani ndani ya kioo. Kila mgeni wa nyumba hii ameisoma, na wengine wameisoma mara mbili kwa sababu niliwaomba.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mimi sikuwa karani. Nilikuwa Mkuu wa Dirisha la Pili. Ni kweli kwamba dirisha la kwanza lilikuwa halifunguki, na kwamba chini yangu hakukuwa na mtu. Lakini cheo ni cheo. Nilikaa nyuma ya dirisha lile miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo sikuchana karatasi hata moja. Karatasi iliyokwisha kupewa namba haichanwi. Ukiona kuna jambo la kurekebisha, unarekebisha chini yake, unatia sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo ninavyoishi. Mtu wa namna hiyo hamumwiti karani kwa herufi ndogo.

2. Neno lenu limeninyang'anya cachet, yaani muhuri. Hili ndilo hasa linaloniuma, na ningeliweka la kwanza kama nisingetaka kwanza kusawazisha suala la cheo.

Hapa Tshopo tuna mutuelle, chama cha wastaafu cha kusaidiana. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza muhuri wake kwa miaka kumi na moja. Huko kwenu sijui, lakini hapa kwetu karatasi bila cachet ni ya kufungia karanga. Mwanachama akilazwa, karatasi inapigwa cachet. Akifariki, inapigwa cachet ndipo tunaenda kumchukua. Wajane wamekuja mlangoni kwangu wakilia, nami nimefuta meza, nimefungua wino, nimepiga muhuri ulionyooka, na wamenishukuru kwa kunyooka kwake. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo duniani. Shamba sina, na magoti yangu hayataki hata kusikia habari za mpira.

Sasa, Larissa alimwonyesha rafiki yake ukurasa wenu, rafiki akamwonyesha baba yake, na baba yake ni papa Hubert, rais wa mutuelle. Jumapili baada ya misa papa Hubert alikuja na washauri wawili. Walikunywa maji, waliulizia afya ya kila mtu, hata ya kuku. Halafu akasema: «Papa Gédéon, tunakuheshimu sana. Alors, cachet iko kitu ya batu yote. Kama uko na kosa mu journal, donc urudishe kwanza, tutaangalia.» Niliirudisha. Nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, na nilimwomba anirudishie kitambaa.

Cachet sasa iko kwa madame Agathe. Ni mama mwema, sina neno naye. Ila anaitunza ndani ya mkoba ule ule anaobebea makayabu, na barua zote za mutuelle siku hizi zinanuka samaki wa chumvi. Jumamosi tarehe 23 wanachama watakutana kuamua kama nirudishiwe au basi. Sina utetezi mwingine ila barua yako. Natumaini unaanza kuona uzito wa herufi zako ndogo.

3. Mmenibadilisha jina. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimesimama barabarani, kijana mmoja wa toleka akasimamisha baiskeli yake mbele yangu, akapangusa kiti cha nyuma kwa mkono, akaniambia kwa adabu zote: «Papa Kosa, panda, niko naenda Makiso.» Hakuwa ananitukana. Alidhani ndilo jina langu. Nilipanda, kwa sababu jua lilikuwa kali.

4. Jambo lenyewe haliwezekani. Hapa naomba usome polepole. Sefu ana desturi yake ya kazi. Katika kila muhuri anachonga alama ndogo kwenye mpini, upande wa juu, mahali pa kidole gumba. Kwa macho huioni. Unaisikia kwa kidole. Haiandiki popote. Anamwambia mwenye muhuri kwa mdomo, siku ya kuuchukua, basi. Mimi aliniambia. Kwa hiyo kidole changu kilijua juu ni wapi hata kama macho yangu yangefungwa kwa kitambaa.

Wiki iliyopita nilimfuata Sefu sokoni na ukurasa wenu. Sasa ni mzee, lakini bado anachonga. Alisikiliza, akafikiri, akasema: «Miye alama nilichonga. Mutu mwenye anaijua, hawezi kupindua. Mwenye hajui, ule njo anaweza.» Nimeyaandika maneno yake siku hiyo hiyo, na yuko tayari kuyatilia sahihi.

Yachukue maneno hayo uyapime. Anayejua alama hawezi kupindua kwa bahati mbaya. Mimi ninaijua alama. Kwa hiyo sikupindua kwa bahati mbaya. Lakini karatasi imepinduka, picha yenu inaonyesha. Basi imepinduliwa kwa makusudi, na kitu cha makusudi hakiitwi kosa. Nilidhani hoja hii ingemtosha papa Hubert, lakini alisema anataka kuiona imeandikwa.

5. Makusudi yangu yalikuwa mema. Utauliza, Ndugu Mhariri, ni makusudi gani. Swali ni halali.

Muhuri ulionyooka unaweka mstari mnene juu ya bei ya zamani, na bei ya zamani inatoweka. Muhuri uliopinduka unaupeleka mstari huo mbinguni, juu ya masikio ya okapi, na ile saba inabaki wazi chini. Mteja anaona bei ilikotoka na ilikofika. Karatasi hamsini na tisa zilificha. Mimi nilitaka karatasi moja iseme kweli yote, na iseme bila mimi kufungua mdomo, maana mwaka ule mtumishi wa serikali hakufungua mdomo ovyo.

Pili, tuulizane ni nani aliyejua juu ni wapi mwaka 1993. Bei zilikuwa zinapanda na fedha inashuka kwa wakati mmoja, na mwalimu alikuwa akimwamkia muuza sabuni. Ile saba ilisimama wima kwenye stempu, na ilikuwa uongo. Ile elfu mia tano ililala kichwa chini, na ilikuwa kweli, angalau hadi saa sita mchana. Kati ya hizo mbili, ninyi mmeamua kuliita kosa lile lililokuwa kweli.

Tatu, chukua stempu hiyo uisome kama ilivyo. Inaanza na sifuri. Sifuri tano, halafu tano. Mwulize mtoto yeyote wa shule: namba inayoanza na sifuri tano halafu tano, ni tano. Miezi mitano baadaye wakubwa walileta fedha mpya na kufuta sifuri, na mwaka 1998 walileta nyingine na kufuta tena. Walikaa vikao vingi. Mimi nilikuwa nimezifuta mwezi wa tano, Simi-Simi, kwa kugeuza mkono tu. Sidai sifa. Ila sina hakika kwamba kama tungepindua noti zote nchini wiki ile, badala ya stempu hamsini tu, tusingeamka tukiwa matajiri.

6. Hakuna aliyelalamika. Stempu zile hamsini niliziuza zote kupitia dirisha langu. Hakuna mteja aliyerudi. Mmoja alinishukuru, lakini inawezekana alikuwa akishukuru kwa jambo lingine. Zaidi ya hapo, barua moja yenye stempu hiyo ilipanda treni kwenda Ubundu na kufika kwa siku tisa, wakati barua tatu zilizobandikwa stempu zilizonyooka zilichukua zaidi ya wiki tatu, na mojawapo naamini bado iko njiani. Sisemi sababu ni muhuri. Nasema nilichokiona.

Kutokana na haya yote, jambo moja linajitokeza lenyewe, wala si mimi niliyelitafuta: iliyo sawa ni 47b peke yake. Zile hamsini na tisa ndizo zenye kosa. Naungama kwamba hizo nazo nilizipiga mimi.

7. Mnalipia kosa na kudharau kazi. Larissa amenisomea kwamba okapi aliyepinduka, moja tu, wazungu wanaweza kumnunua kwa dola mia tatu. Yule aliyenyooka ni senti, tena mkiwa na huruma. Kwa hiyo mapigo elfu mbili na mia tisa na hamsini ya uangalifu si kitu, na mapigo hamsini ndiyo yaliyoingiza Simi-Simi katika historia. Unajua unawafundisha nini vijana? Larissa amepata sita juu ya ishirini katika mtihani wa takwimu. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba kwa mantiki ya jarida lako karatasi yake ya mtihani ni adimu sana. Ulipaswa kuwapo umjibu wewe.

8. Mmeitia huzuni nyumba yangu. Mke wangu, mama Nyota, si mtu wa maneno mengi, lakini tangu ukurasa huo ufike ameacha hata yale machache. Nikianza kueleza habari ya muhuri, anaingia jikoni. Nikimfuata jikoni, anatoka nje kuangalia nguo kama zimekauka, hata kama hakuzianika. Tumeishi pamoja miaka arobaini na sita na ninamjua: anaumia kwa ajili yangu. Mwaka ule alikuwa ndani ya nyumba ile ile, ananyonyesha kitindamimba wetu Colette, na alinishuhudia nikifanya kazi. Mama huyo hastahili kuona mumewe akiitwa kosa na mwenye baiskeli.

Nami ninaikumbuka kazi ile yote, pigo kwa pigo. Nakumbuka harufu ya wino. Nakumbuka mlio wa muhuri, tok, tok, tok, siku tatu bila kukoma. Nakumbuka kwamba sikusikia njaa wala uchovu, mkono wangu ulikuwa mwepesi hata sikuusikia, na okapi walikuwa wakitembea polepole ukutani kwa mstari. Kumbukumbu safi namna hiyo si ya mtu aliyefanya kazi ovyo.

Kwa hiyo ninaomba, tena kwa unyenyekevu, mambo machache. Neno «kosa» liondolewe na mahali pake paandikwe «mpango». Neno «karani» mmeshalisikia. Stempu Na. 47 iliyonyooka iandikwe kuwa ndiyo kosa, iwe 47b, na ile ya 47b iwe 47. Ukurasa huo wa jarida uchapwe upya kichwa chini, ili msomaji aone mwenyewe kwamba hakuna anayedhurika. Na barua ya kuomba radhi iandikwe kwa mutuelle ya Tshopo, ifike kabla ya Jumamosi tarehe 23, na iwe na cachet. Ikija bila cachet papa Hubert hataisoma.

Barua hii inaletwa kwako kwa mkono na mpwa wa jirani anayepanda ndege kesho. Larissa alitaka kuipiga picha na kuituma kwa simu. Nilimkatalia, kwa sababu katika simu hata mimi nimepinduka mara nyingi.

Nimalizie kwa kukutakia afya wewe na nyumba yako. Wasalimie wachapaji wako, wenye mikono ya wino kama niliyokuwa nayo. Msalimie mwenye kuandika ile orodha. Mwambie sina kinyongo naye, namsubiri tu. Wasalimie wakusanya stempu wote wa Lubumbashi, na okapi wangu hamsini popote walipo katika vitabu vyao, wamewekwa kwa koleo, wamefunikwa plastiki, wanatazama chini.

Ni mimi niliyenyooka,

Gédéon Amundala Yenga
Mkuu wa Dirisha la Pili (mstaafu)

Nakala kwa:
Papa Hubert, rais wa mutuelle, achukue hatua
Madame Agathe, mtunza cachet wa muda, aihamishe kutoka kwenye mkoba
Sefu, fundi wa mihuri, shahidi
Mama Nyota, mke wangu, nyumbani hapa, kwa taarifa

P.S.
Utaratibu unasema anayetajwa katika barua apewe nakala kabla haijafungwa. Nilianza na mama Nyota kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya pondu. Alisoma kurasa zote nne bila kuinua macho, akarudi kwenye lalamiko la nne, akaweka kidole chenye majani juu ya neno moja, akaniuliza: «Alama gani?»

Nikamweleza ile alama ya Sefu, mahali pa kidole gumba. Nikaenda kuuchukua muhuri wenyewe, maana bado ninao, nikampa aushike. Alipapasa mpini muda mrefu. Akasema: «Ee Gédéon. Kumbe kulikuwa alama! Na miye nilikuwa nalia bure.»

Ndugu Mhariri, sikupiga muhuri hata mmoja. Ijumaa ile nilianguka kwa malaria kabla sijafungua wino. Anasema siku tatu nilikuwa nikimwita mkaguzi kwa jina la mama yangu, na nilikuwa nikiomba watu wawatoe okapi ukutani. Yeye alijua Jumatatu inakuja na ufunguo wa dirisha utakwenda. Akatandika mkeka kando ya kitanda changu, akamfunga Colette mgongoni, akapiga mapigo elfu tatu. Kila alipouweka muhuri chini na kuuchukua tena, aliujaribu kwanza pembeni mwa gazeti, kwa sababu hakuna aliyemwambia juu ni wapi. Mara moja tu Colette alilia sana. Akamnyonyesha, kisha akaushika muhuri haraka bila kuujaribu. Alipogundua, karatasi nzima ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na nyingine ya kuibadilisha. Akaililia, akaipangusa, akaificha katikati ya rundo.

Jumatatu niliamka nikaona rundo limekamilika. Ananikumbusha maneno niliyoyasema: «Unaona? Hata malaria hainiwezi.» Nilikuwa nimekonda, nina furaha, akaona aiache furaha hiyo inipe nguvu kidogo, kweli ataniambia Jumanne. Jumanne ikaja barua ya pongezi. Nikaitafutia kioo. Anasema baada ya hapo ilikuwa vigumu kupata mahali pa kuanzia.

Miaka thelathini na moja, Ndugu Mhariri. Na kila mgeni aliyesimama mbele ya kioo kile, yeye ndiye aliyemletea maji.

Barua hii siwezi kuichana, imeshapewa namba. Ninairekebisha chini, kama nilivyofundishwa. Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la kwanza: hakuwa karani. Karani hulipwa. Neno «kosa» liacheni palepale, ila muandike ni la nani: Nyota, mke wa Gédéon, aliyepiga karatasi sitini kwa siku tatu, hamsini na tisa zikiwa zimenyooka, mtoto mgongoni na mume mgonjwa kitandani. Kama nafasi haitoshi, mpunguzeni okapi.

Barua ya pongezi nimeishusha ukutani na kuandika jina lake juu ya langu. Anasema niirudishe upesi, kwa sababu ukutani pamebaki mraba mweupe na watu wataanza kuuliza. Nimemwambia waulize. Jumamosi nitayasema haya mbele ya papa Hubert na wanachama wote, na kama cachet itabaki kwenye mkoba wa madame Agathe, basi nitazoea harufu ya samaki.

Chini ya maneno haya utaona muhuri wa Sefu, zaïre elfu mia tano, kichwa chini. Huo nimeupiga mimi mwenyewe, mchana, bila homa, na kidole gumba juu ya alama.